Kopo la Maharage la Oregon

Kutoka Soni mpaka Dar es Salaam ni siku nzima ya basi. Dar mpaka Doha, Doha mpaka Seattle, miguu ikavimba hadi viatu vikakataa kuingia. Juu ya hayo nikaongezewa kilomita zaidi ya 230 za gari, kutoka Tacoma anakoishi mpwa wangu mpaka kijiji kinachoitwa Beavercreek, jimbo la Oregon, ili nikaone mahali palipokuwa na ndoo. Ndoo yenyewe haipo. Ilisagwa na mashine ya kukatia majani.

Nilikaa Marekani wiki tatu, Agosti ya 2024, na niliona mengi. Lakini nyumbani wakiniuliza safari ilikuwaje, hujikuta nimeanza na ndoo.

Aliyenipeleka ni mjukuu, mtoto wa huyo mpwa wangu. Wakati ule alikuwa na miaka 11, na ana wazimu wa mchezo unaoitwa jiokeshingi. Mtu anaficha kopo au kisanduku mahali, porini au mjini, anaweka kwenye intaneti namba za mahali hapo kwa vipimo vya setilaiti, na wengine wanakuja na simu zao kulitafuta. Ukilipata unaandika jina na tarehe kwenye kijidaftari kilichomo, ukitaka unachukua kitu na kuacha kingine, unalirudisha palepale. Basi. Nilipomuuliza mshindi anapata nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kuswali kunalipa shilingi ngapi.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mpwa wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, macho mekundu.

"Mwanangu, lala kwanza," nikamwambia. "Ndoo ilikufa zamani, haitakimbia."

"Mjomba, nikilala leo, siku yangu nyingine ya kupumzika wewe utakuwa umeshapanda ndege."

Tukasimama kununua kahawa. Kikombe kimoja dola 6, zaidi ya 16,000 za kwetu, na ni cha karatasi, hubaki nacho hata kwa ukumbusho. Bei waliyoandika ubaoni siyo uliyolipa. Washington, jimbo iliko Tacoma, wanakuongezea kodi ukishafika kwa mwenye mashine, ukiwa umeshahesabu hela zako mkononi. Nilisema ule ni wizi. Mpwa wangu akaniambia nisubiri Oregon, kule kodi ya dukani hawana. Kiti cha mbele alikaa mtoto kwa sababu ya simu na ramani, mimi mzee nikabanwa nyuma na kikapu cha nguo ambazo hazijafuliwa.

Njia nzima mjukuu alinisomea vifo. Mchezo huu una historia ndefu ya makopo yaliyopotea, na yeye anaijua kama shehe anavyojua ukoo wa Mtume. Mwaka 2011, mji wa Wetherby huko Uingereza, kisanduku cha mchezo kilichofichwa mtaani kilidhaniwa bomu. Wakaitwa wataalamu, wakakilipua. Hukohuko Washington, karibu na handaki la zamani la reli la Snoqualmie, kulikuwa na sanduku la chuma la kuwekea risasi, lilifichwa 2001 kutangaza filamu, watu wanatoka nchi za mbali kulifuata. Mwaka huohuo wa 2011 likaibwa. Miaka mitano baadaye likajitokeza, likarudishwa. Mengine huchukuliwa na mafuriko, mengine na moto wa msituni, mengine hutafunwa na kindi, ambao plastiki kwao ni kama karanga.

"Na ya kwetu, nyani," akamalizia.

"Nyani," nikasema, nikageukia dirishani.

Ya kwetu ilikuwa hivi. Mwaka 2022 walikuja Soni likizo, na mtoto akataka tufiche kopo. Sheria za mchezo haziruhusu mgeni aje, afiche, aondoke. Lazima awepo mtu wa karibu wa kuliangalia. Nikaandikwa mimi. Tukachukua kopo la maziwa ya unga, tukatia daftari, penseli, dadu na mdoli mdogo wa kidole gumba, tukaliviringisha kwenye nailoni na kulisukuma chini ya jiwe kwenye mteremko juu ya shamba langu la migomba. Kwa mwaka mmoja na kitu lilipata wageni saba au wanane, wengi watalii wa Lushoto, wanapita na simu zao wananisalimia, mimi najifanya sijui wanatafuta nini. Kisha likapotea, na mtoto alipopiga simu nikamwambia ni nyani. Usambara nyani wapo. Hakuuliza zaidi.

Beavercreek tulifika saa nne na nusu. Ni kijijini hasa: mabanda ya farasi, misonobari mirefu hadi shingo inauma. Tulipinda barabara ndogo, simu ikaanza kumwita mtoto, gari likasimama pembeni. Mpwa wangu akalaza kiti, akasema, "Dakika kumi," akalala usingizi wa mtu aliyegongwa.

Palikuwa na kibao cha ukumbusho wa ndoo. Mjukuu alisimama mbele yake mikono nyuma, akanieleza yote nisije nikadhani ni mahali pa kawaida. Setilaiti hizi ni za jeshi la Marekani, na zamani serikali ilikuwa inaharibu makusudi vipimo wanavyopata raia, mashine yako ikikosea hata mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 wakaacha. Tarehe 3 mwezi huohuo mwenyeji wa hapa, Dave Ulmer, akataka kujua sasa vipimo vimekuwa sahihi kiasi gani. Akafukia ndoo nyeusi ya plastiki mdomo ukiwa nje, akaandika intaneti: 45° 17.460 Kaskazini, 122° 24.800 Magharibi. Ndani palikuwa na vitabu, kanda za video, programu ya ramani, pesa, manati na kopo la maharage. Haikupita siku tatu ilikuwa imeshapatikana mara mbili, wa kwanza akiwa Mike Teague.

"Subiri," nikasema. "Pesa na ndoo, kando ya barabara, na ndoo ikabaki?"

"Ikabaki, Babu."

Nilicheka peke yangu pale. Kwetu manati ingeondoka dakika ya kwanza, pesa ya pili, na ndoo, ambayo ndiyo mali hasa, ingekuwa inachotea maji jioni ileile. Hii ya kwao haikuuawa na mwizi wala mnyama. Mtu wa kukata majani ya barabarani alipita na mashine yake, anafanya kazi aliyotumwa, akaisaga pamoja na vilivyomo. Kilichookoka ni kopo la maharage. Hilo sasa limepewa namba, lina jina lake, watu wanapiga nalo picha kama bibi harusi.

Pana kopo jipya la kuenzi lile la zamani. Lilipofichwa sisemi, ni adabu ya mchezo. Nasema tu kwamba kulitafuta kulinigharimu suruali, maana pale kumejaa mti wa miiba unaozaa matunda meusi kama forosadi, na Agosti yameiva. Nilikula hadi vidole vikawa vyeusi. Ndicho kitu pekee nilichokula Marekani bila kuuliza bei.

Mtoto akaliona kabla yangu. Akafungua, akatoa daftari, akaandika lake. Kisha akanipa kalamu. "Babu, na wewe. Jina na tarehe."

Nikaishika kalamu ile kwa muda ambao hata yeye aliuona mrefu.

Kopo letu halikuchukuliwa na nyani. Septemba 2023 mama mmoja, jirani yangu, alipanda mteremkoni kukata majani ya ng'ombe. Kwetu ng'ombe hukaa bandani, chakula kinamfuata. Mundu wake ukagonga bati. Akavuta nailoni, akafungua, akaona mdoli, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshakatika mkono. Akaona sarafu zenye picha za watu asiowajua na utepe mwekundu wa nywele ambao mgeni fulani alikuwa ameuacha. Akafungua daftari. Jina na tarehe. Jina na tarehe. Ukurasa mzima, kama misalaba ya makaburini.

Majani aliyaacha hapohapo. Mpaka adhuhuri kitongoji chote kilikuwa uwanjani, kopo limewekwa juu ya kigoda, hakuna anayelisogelea chini ya hatua tano. Jina lililokuwa juu kabisa lilikuwa jina la nusu ya watoto wa kiume wa pale kijijini, na mmoja wao alikuwa amelazwa Lushoto kwa degedege. Mama yake akaanguka. Watu wakaanza kuulizana ni mteremko wa nani ule.

Ungesema ungefanyaje. Mimi ni mzee, mke wangu amefariki, naishi peke yangu, usiku huwa natembea kwa sababu usingizi sina, na kopo limetoka juu ya shamba langu. Nchi hii wazee wameuawa kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Bibi kupikia kuni mpaka macho yakawa mekundu kulitosha. Nilikuwa na maelezo, ndiyo. Kwamba ni mchezo. Kwamba wazungu wanavuka bahari kuja kuandika majina yao ndani ya kopo chini ya jiwe, bila malipo, na kwamba mbinguni kuna setilaiti zinazowaonyesha. Niliyasema moyoni mara mbili, na mara zote mbili yakasikika mabaya kuliko ulozi.

Mwenyekiti wa kitongoji akasema lichomwe. Shehe akasoma, mwinjilisti akaomba. Ikapitishwa kofia ya mafuta ya taa. Nikachangia elfu moja. Kisha mwinjilisti akachukua daftari kwa kitambaa, akasoma jina moja moja, mengine akiyavunjavunja maana ni ya Kijerumani, na kila jina watu wakaitikia "Ashindwe!" Likatupwa motoni. Daftari, utepe na mdoli vikaisha mara moja. Kopo likabaki, jeusi tu. Mtoto wa degedege alipona wiki ileile, wakasema mnaona. Kopo, mtu alilisugua kwa mchanga, na mwezi uliofuata nikaliona gulioni Soni likipimia maharage. Lina mbonyeo upande mmoja, nalijua. Anayelitumia anakupunja.

"Babu?"

Nikaandika jina. Nikaandika tarehe. Mwandiko ukatetemeka kama wa mtu anayesaini kwa dole gumba.

Kurudi tulipitia kituo cha mafuta kabla ya kuvuka mto Columbia. Kumbe Oregon walikuwa na sheria tangu 1951 inayokataza mtu kujijazia mafuta mwenyewe, wameilegeza 2023 tu, na wajazaji bado wapo. Akaja kijana na kofia, akauliza ya kiasi gani, akachomeka bomba, akasimama anaangalia namba, sawasawa na kituo chochote cha Mombo. Tangu nishuke Seattle nilikuwa sijaona kitu kikifanywa kama kwetu. Nadhani ndiyo maana mdomo ukafunguka. Nikawaeleza yote, hapo hapo, kwa Kiswahili, injini imezimwa. Nyani hakuwepo. Ilikuwa hivi na hivi.

Mjukuu aligeuka na kupiga magoti kwenye kiti. Niliogopa atalia.

"Walilichoma? Kijiji kizima? Na shehe?"

"Na mwinjilisti."

"Babu! Hiyo ni bora kuliko nyani!" Akashika simu, akaanza kuandika kwa vidole viwili, akiniuliza degedege kwa Kiingereza ni nini, na mafuta ya taa yalikuwa lita ngapi. Alisema hakuna rafiki yake yeyote ambaye kopo lake limekufa kifo kama hicho, hata la Wetherby halifiki. Akaandika mpaka tukavuka daraja, akaendelea kuandika, kisha kichwa kikaanguka begani.

Mama yake hakusema kitu. Kelso ikapita. Chehalis ikapita. Karibu na Olympia tukaingia kwenye foleni, magari yanatambaa, jua linatupiga ubavuni, na kipoza hewa kilikuwa kimeharibika tangu Juni kwa sababu kukitengeneza ni dola 900. Yeye amezaliwa palepale Soni. Ule uwanja ndipo alipochezea rede.

"Mjomba."

"Naam."

"Lile daftari. Jina la juu kabisa lilikuwa la nani?"

Alikuwa anajua. Ndiye aliyemshikia daftari gotini, chini ya jiwe, mtoto akiwa na miaka tisa, akamwambia aandike kwa herufi kubwa zisomeke.

"Lilikuwa la mwanao."

"Wakalisoma?"

"Waliyasoma yote."

Gari la mbele likasogea hatua mbili, na yeye akasogea hatua mbili. Nyuma yetu mtu akapiga honi bila sababu.

"Na wewe ukaitikia?"

Mtoto alikuwa amelala, simu kifuani, kioo bado kinawaka. Nikamwambia niliitikia.