Picha inajua nini ambacho maneno hayajui?

Jumamosi, usiku

Wiki hii nimerudi kwenye katuni za EC, ile kampuni ya New York iliyotoa hadithi za kutisha na za sayansi ya kubuni kuanzia 1950 hadi zilipozimwa katikati ya muongo ule. Kila anayezitaja husema michoro yake ni mizuri, na hapo ndipo mazungumzo huishia. Mimi neno hilo halinitoshi. Mchoro unaweza kupendeza ukutani na bado ukawa mzigo ndani ya hadithi. Kwa hiyo nimezisoma nikiwa na swali moja tu: katika kisanduku hiki kimoja cha mchoro, picha inajua nini ambacho maneno hayajui?

Swali hilo linawabana wachoraji wa EC kuliko wengine, kwa sababu ya jinsi kazi yao ilivyopangwa. Mwenye kampuni, William Gaines, alikuwa akisoma hadithi usiku kucha akitafuta vianzio vya visa. Asubuhi alimpelekea mhariri wake, Al Feldstein, wakakaa wakapanga kisa, kisha Feldstein akaandika moja kwa moja juu ya bodi ya kuchorea. Herufi zikapigwa kwa kifaa cha aina ile wanayotumia wachora ramani za majengo, ndiyo maana zimenyooka zote sawasawa na hazina joto la mkono. Baada ya hapo ndipo bodi ikamfikia mchoraji, visanduku vimeshagawanywa na maneno yameshakaa. Yeye ajaze nafasi iliyobaki, na mara nyingi iliyobaki ilikuwa finyu.

Matokeo yake unayaona ukurasa baada ya ukurasa. Maneno yanasema mtu amefungua mlango huku mkono unatetemeka, na picha inaonyesha mtu anafungua mlango huku mkono unatetemeka. Kitu kimoja kimesemwa mara mbili. Jicho likishazoea, linaanza kuruka picha, na hadithi ya picha ikishafika hapo imeshapoteza nusu ya nguvu zake.

Wally Wood aliikwepa hali hiyo kwa kujaza. Tazama ndani ya vyombo vyake vya anga: mabomba yanapita juu ya mabomba, saa za vipimo, nyaya, vitasa, taa ndogondogo, na mwanga unaompiga rubani usoni kutoka pande mbili hata nusu ya uso inabaki kwenye wino mzito. Hakuna maneno ya Feldstein yaliyomwagiza yote hayo. Ni Wood aliyeamua kwamba chombo kinachokwenda nyota za mbali lazima kionekane kama mahali pa kazi, palipochafuka, palipotengenezwa na mafundi. Ukishauamini ukuta ule, unamwamini na yule anayekufa mbele yake. Katika Weird Fantasy, gazeti mojawapo la EC, namba 17 ya 1953, alichora hadithi ya mwandishi Ray Bradbury kuhusu nyumba inayojiendesha yenyewe baada ya wenyewe kuteketea kwa bomu la atomiki. Nyumba inapika, inafagia, inaita watoto waamke, na hakuna wa kuamka. Pale wingi wa vitu vyake una kazi kamili: vitu vyote vipo, mtu hayupo. Kwingine nakiri ananichosha. Jicho linakosa pa kupumzika, na kisanduku cha huzuni kinabeba shehena ileile ya kisanduku cha vita.

(Uhusiano wa EC na Bradbury ulianza kwa namna ya ajabu. 1952 waliunganisha hadithi zake mbili wakaifanya moja bila kumwomba ruhusa. Akawaandikia barua ya upole akiwakumbusha kwamba malipo yake hayajafika. Walimlipa, na baada ya hapo wakaendelea kuchora hadithi zake kwa idhini yake. Kwa kweli ndizo zilizoandikwa vizuri kuliko zote mle.)

Upande wa kutisha, Graham Ingels ni mtu wa peke yake. Alitia saini "Ghastly", yaani wa kutisha, na nyingi kati ya hadithi zilizosimuliwa na yule mchawi mzee, msimulizi wa gazeti la The Haunt of Fear, zilikuwa zake. Leo nimekaa muda mrefu na mdomo mmoja tu alioutoa Ingels. Mdomo uko wazi, na kati ya meno ya juu na ya chini kuna nyuzi za mate, kila uzi umepigwa kwa brashi nyembamba, mwingine umekatika ukaning'inia. Si maiti huyo. Ni binadamu mzima anayesema uongo. Ingels alichora walio hai kana kwamba wameshaanza kuoza, na maiti wanapofika mwisho wa hadithi kudai haki yao, wanaonekana wana heshima zaidi kuliko waliowaua. Hilo maneno ya Feldstein hayakulisema popote. Kwa hukumu yangu, huo ndio uchoraji unaosimulia.

Visa vyenyewe sitavisifu sana. Mume mkatili anamuua mkewe, au mfanyabiashara anamdhulumu maskini, kisha kaburi linafunguka. Ukisoma kadhaa kwa mfululizo unajua mwisho ukiwa ukurasa wa tatu. Haki ya namna hiyo inaridhisha kama kisasi kinavyoridhisha, upesi, na haikuachi na cha kufikiri. Cha kusikitisha ni kwamba hizo ndizo zilizonunuliwa. Magazeti ya sayansi ya kubuni hayakuwa yakilipa, na Gaines aliyabeba kwa faida ya yale ya kutisha kwa sababu aliyapenda.

Kesi mashuhuri kuliko zote kuhusu michoro hii haikusikilizwa na wahakiki wa sanaa. Aprili 1954 kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ilikaa New York kuchunguza kama katuni zinawaharibu watoto, na Gaines akaenda mwenyewe kutoa ushahidi. Seneta Estes Kefauver akanyanyua jalada la Crime SuspenStories, gazeti jingine la EC, lililochorwa na Johnny Craig: mwanamume ameshika shoka kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameshika nywele za kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Akauliza kama hilo ni jambo la staha. Gaines akajibu ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha. Lingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu kidogo damu ikaonekana ikichuruzika shingoni.

Jibu hilo lilimmaliza. Magazeti yalilichapa, na hadi leo hutajwa kama upumbavu wa mtu aliyejinyonga kwa ulimi wake. Mimi nalichukulia kwa uzito. Mbele ya chumba kilichokwisha kumhukumu, alikuwa anazungumza kama mhariri: ukingo wa picha ukatwe wapi, kipi kionekane na kipi kibaki nje. Hilo ni swali halisi la ufundi, na katika uchoraji wa kutisha pengine ndilo kubwa kuliko yote. Sikubaliani naye kuhusu jalada lenyewe. Mwili wa mwanamke unatumika pale kama pambo la dukani, na ndani ya katuni zile tabia hiyo inarudi mara nyingi mno. Lakini kipimo alichokitaja ni kipimo cha kweli, na aliyemuuliza hakuwa na kipimo chochote.

Mwaka huohuo wachapishaji wa katuni wakaunda kanuni zao za kujidhibiti. Maneno "horror" na "terror", yaani kutisha na hofu, yakapigwa marufuku kwenye majina ya magazeti, pamoja na wafu wanaotembea, wanyonya damu na binadamu wanaogeuka mbwamwitu. EC haikuwa na pa kusimama tena.

Na kanuni hizo ndizo zilizokuja kuigusa hadithi ninayoiheshimu kuliko zote za sayansi ya kubuni za kampuni ile, "Judgment Day", iliyochorwa na Joe Orlando 1953. Mjumbe kutoka duniani anafika kwenye sayari ya roboti kuamua kama wamekomaa vya kutosha kujiunga na jamhuri ya nyota. Anakuta roboti wa rangi ya chungwa na roboti wa buluu, wametengenezwa sawa ndani, tofauti ni ganda la nje tu, na wa buluu hukaa viti vya nyuma kwenye basi. Anawakatalia. Kisanduku cha mwisho, akiwa peke yake ndani ya chombo, anavua kofia yake ya anga: ni mtu mweusi, na jasho linang'aa usoni kwenye mwanga wa mitambo.

Nimeirudia nikiangalia kofia tu. Hadithi nzima uso wake umefichwa, na Orlando hafanyi mbwembwe yoyote kuuficha. Vazi la anga ni vazi la anga, kila msomaji amelizoea, hakuna anayejiuliza nani yumo. Kwa hiyo anayebeba jibu ni mchoro, tangu mwanzo, na maneno hayakugusi bega hata mara moja. Walipotaka kuichapisha tena hadithi hiyo baadaye, msimamizi wa kanuni, Charles Murphy, alipinga mtu huyo kuwa mweusi. Alipokataliwa, akataka angalau jasho liondolewe. Gaines na Feldstein hawakukubali. Ilitoka ilivyo, kwenye toleo la Incredible Science Fiction lenye tarehe ya Februari 1956; mwezi huo watu weusi wa mji wa Montgomery, kusini mwa Marekani, walikuwa wamegomea mabasi yaliyowatenga tangu Desemba. Halikutoka jingine la katuni za EC baada ya hilo. Likabaki gazeti lao la vichekesho, Mad, peke yake.

Ukitazama mstari kwa mstari, Orlando hamfikii Wood wala Ingels, na mikono yake hapa na pale ni migumu. Bado naiweka juu ya kazi zao nyingi, kwa lile swali langu.

Juu yake naweka moja tu, ya Bernard Krigstein, "Master Race", katika toleo la kwanza la Impact, gazeti jingine la EC, la 1955. Haina zimwi wala chombo cha anga. Kuna mkuu wa zamani wa Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi, anayepanda treni ya chini ya ardhi New York akaona uso anaoujua. Krigstein alipewa hadithi ya kurasa 6 na bodi zenye maneno tayari. Akazikata, akayapanga maneno upya, akaongeza visanduku vyembamba kama vipande vya ubao. Mtu anapoanguka relini, anguko lake limegawanywa vipande hadi unaona muda wenyewe ukivutwa. Treni inapopita, nyuso za abiria dirishani zimechorwa zikijirudia, uso uleule mara kadhaa ukififia, jinsi jicho linavyouona kweli ukiwa umesimama jukwaani. Maneno yanasema treni imepita. Picha inajua kwamba watu walikuwemo, wakatazama, wakapelekwa mbele.

Aliomba kurasa 12. Wakampa 8. Miaka michache baadaye aliacha katuni akaenda kufundisha sanaa shuleni. Mimi ningempa zote 12, hata kwa kuondoa hadithi nyingine nzima kwenye toleo lile.