Siku tisa bila kufungua matokeo

Matokeo yalitoka Jumatatu. Mimi niliyaona Jumatano ya wiki iliyofuata.

Si kwamba sikujaribu. Kila usiku naingia kwenye tovuti ya chuo, naandika nambari ya usajili, naandika nywila, kisha kidole kinaganda. Tumbo linasokota kama nimekula viazi karai vya juzi. Naigeuza simu kifudifudi. Kundi la darasa la WhatsApp nililinyamazisha siku ya kwanza, maana kule wengine walishangilia na wengine walilia, na sikujua niko upande gani.

Somo la Takwimu ndilo lililonitesa. Kupita ni 40, na swali la tatu niliacha nusu.

Jumatano hiyo tumo ndani ya feri ya Likoni, Mombasa, nyanya yangu kakumbatia kikapu chake.

"Mbona waitazama simu kama ina nyoka?"

Nikamweleza.

"Basi fungua sasa, mwanangu. Huku huna pa kukimbilia."

Kweli, kulia maji, kushoto maji. Nikafungua. Mtandao nao (wallahi!) ukazunguka mpaka tukafika katikati ya kivuko. Takwimu: 43. Magoti yakalegea.

"Arubaini na tatu kwa ngapi?"

"Kwa mia, nyanya."

Akanyamaza mpaka feri ikagusa ng'ambo, kisha akanitwika kikapu.

Muhula uliofuata nilifungua siku ileile. Nilipanda feri makusudi, kwa miguu ni bure, na ng'ambo sikuwa na shughuli yoyote.