Miguu ilikuwa ikining'inia: jinsi mwanangu alivyohamia mezani

Mwanangu alipofikisha miezi 20 alikikataa kabisa kiti chake kirefu cha kulia chakula. Ukimweka, anakaza mgongo kama ubao na kulia. Tukamkalisha kwenye kiti cha kawaida, shida ikabadilika sura tu: vijiko viwili, ameshateremka, anakimbia.

Nilimlaumu bure. Siku moja nilipiga magoti kando yake, nikaona miguu inaning'inia hewani na meza imemfika karibu na kidevu. Jaribu mwenyewe kukaa kwenye stuli ndefu isiyo na pa kuegemeza miguu, utachoka upesi. Nguvu zake zote zilikuwa zikiishia kwenye kujishikilia asianguke.

Tukatafuta kiti cha nyongeza chenye mikanda, tukakifunga juu ya kiti kizito kisichoyumba, hadi viwiko vyake vikawa sawa na meza. Chini ya miguu nikaweka kisanduku imara cha mbao ili nyayo zitulie na magoti yakunjike vizuri. Kisanduku hicho ndicho kilichosaidia kuliko kitu kingine chochote.

Tulianza na kifungua kinywa peke yake, ana njaa na sote tumeketi. Dakika 10 zilitosha. Akionyesha ameshiba, namfungua, sahani inaondoka. Sikumkimbiza tena na kijiko. Nilikaa karibu naye muda wote, maana alipenda kuisukuma meza kwa mikono, na kiti kingeweza kupinduka.

Baada ya wiki 3 hivi akawa anakuja mwenyewe, anagonga kiti chake apandishwe.