Kipimajoto cha jikoni, baharini Tongoni

Nimerudi Tongoni katikati ya kaskazi, baada ya miaka 14 Muscat, ambako nilikuwa mpishi kwenye nyumba za watu. Nimekuja na masanduku mawili. Ndani ya moja, nimekifunga kwenye kanga kipimajoto changu cha jikoni, kile chenye ncha ndefu cha kupimia maziwa na nyama.

Usiku wa kwanza sikulala, nilikuwa nangojea mlio. Wakati naondoka, wiki haikuisha hujasikia baruti baharini, vikombe kabatini vinagongana, na jioni yake unauziwa samaki aliyevunjika uti wa mgongo. Uvuvi huo ulipigwa marufuku tangu 1970, lakini sisi wa Tanga tulikua nao tukauzoea kama ngurumo za masika. Safari hii, kimya. Nilipotoka nje nikaona mstari mrefu wa taa nyeupe za sola, wavuvi wa dagaa, pale pale zilipokuwa zikiwaka karabai za kina baba. Nilisimama ufukweni nikatokwa na machozi, nawaambia kweli. Nilidhani bahari yetu imepona.

Asubuhi nikamfuata shangazi shambani. Shamba lenyewe ni la mwani: vigingi viwili mchangani, kamba katikati, na vishada vimening'inizwa kwa vikamba vidogo ambavyo wakulima wanaviita taitai. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano ya asubuhi, wakati jua limeshapanda, na yale yanayobaki hayafiki magotini. Nilipoingiza miguu nilishtuka. Yalikuwa kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Shangazi alikata tawi la kotonii, mwani anaoulima, akanipa. Nalijua tawi la kotonii tangu udogo wangu: nene, linateleza, ukilivunja linalia kama tango. Hili lilikuwa na pingili nyeupe katikati, nyeupe ya chumvi, laini. Nikaligusa tu, likakatika.

"Hapo palipo peupe, mwanangu, pameshakufa," akasema. "Bahari ikijaa jioni itaondoka na kilichobaki."

Wataalamu wanauita ugonjwa huo aisi-aisi. Mwani ukizidiwa na joto, au chumvi ya maji ikibadilika ghafla, unadhoofika, kisha bakteria wanaushambulia. Unguja nao umewatesa miaka mingi. Wengi wameiacha kotonii wakahamia spinosamu, aina nyingine ya mwani inayovumilia joto zaidi, ila bei yake ni ya chini kwa sababu ute wake hauna nguvu ile ile. Na ute ndio unaonunuliwa. Muscat, kila nilipofungua pakiti ya maziwa ya chokoleti nilikuwa natafuta kwenye maandishi madogo alama ya E407. Hiyo ndiyo karajina, ute wa mwani, unaofanya maziwa yawe mazito na chokoleti isitulie chini. Nikiiona, nilikuwa nauona mgongo wa shangazi umeinama majini. Sikuwahi kumweleza mtu kule.

Siku ya pili nilikwenda na kipimajoto. Saa tano, kwenye kamba za karibu na pwani: nyuzi 33. Tukatembea kuelekea mkondoni, kama hatua 200, shangazi mbele. Akasimama, akasema, "Pima hapa." Nyuzi 29. Hakuwa ameona namba yoyote. Alipapata kwa kifundo cha mguu.

Jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo. Sitaki kusikia tena kwamba kina mama hawa wanahitaji kuelimishwa kuhusu joto la bahari. Wao ndio wa kwanza kulijua, kabla yangu mimi na chombo changu. Kamba kumi za mwisho shangazi ameshazihamishia mkondoni peke yake, bila kuambiwa na mtu. Kinachomshinda ni kina. Huko maji yakianza kujaa yanamfika kifuani, naye hajui kuogelea, wala wenzake wengi hawajui. Anahitaji ngalawa, na mtu wa kumfundisha kuogelea akiwa na miaka 61.

Joto lenyewe halikuanzia Tongoni. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na hewa chafu ya mafuta na makaa ya mawe linamezwa na bahari. Mwaka wa Elnino, 1998, wazee waliona matumbawe yanageuka meupe, maana tumbawe likipata joto kupita kiasi linavitema vimea vidogo vinavyolilisha. Nami nasema haya nikijua kwamba upande wa pili wa mji, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linalopashwa moto njia nzima ili mafuta yasigande. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, amechomelea vyuma huko, na bati la nyumba ninayolala limenunuliwa kwa mshahara ule. Siwezi kumlaumu. Wala siwezi kukaa kimya, kwa sababu mafuta yale yakichomwa, popote pale duniani, joto lake litakuja kulala kwenye kamba za mama yake.

Tulichoanza ni daftari. Upande wa kushoto naandika namba, mara mbili kila bamvua, saa ile ile, pwani na mkondoni. Upande wa kulia shangazi anasema nami naandika maneno yake kama yalivyo: "maji mazito", "upepo umegeuka mapema", "kamba ya tatu imeanza weupe". Binti wa jirani anapiga picha kila ukurasa kwa simu na kuzituma kwenye kundi la wakulima, na wiki iliyopita mama mmoja wa Mwambani akajibu kwamba kwake weupe ulianza siku mbili kabla yetu. Ameomba kujua kipimajoto kinauzwa wapi.

Mwezi unaandama Jumatano. Shangazi amesema tutoke saa tatu, na nivae viatu vya mpira, kuna shoki wengi, wale wa miiba.