Baridi ya Julai inasingiziwa bure

Kila mwaka ikifika mwisho wa Juni ploti yetu nzima inaanza kukohoa, mlango kwa mlango, na ukiuliza mtu anakwambia ni baridi tu, vaa sweta, chemsha tangawizi na ndimu, usiogee maji baridi. Baridi ipo, sikatai. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai unaweza kuamkia nyuzi 10 hivi na jua usilione mpaka saa nane mchana, siku zingine halitoki kabisa. Lakini jamani, baridi haina rangi. Ukitoka tao jioni upenge kamasi kwa kitambaa cheupe halafu ukiangalie, ule weusi ni masizi, na kama kuna rangi ya udongo ndani yake basi ni vumbi la barabara ya Outering.

Vile mimi naelewa hii kitu ni hivi. Usiku ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi na nzito, ile yenye joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, sasa moshi wowote unaotoka huku chini hauna pa kwenda. Miezi mingine jua la asubuhi linapasha ardhi, hewa inapanda, moshi unatawanyika. Julai mawingu yamefunga siku nzima kwa hivyo kile kifuniko kinachelewa kutoka, na sisi ndio tuko chini yake na matatu zetu na majiko yetu na takataka zetu. Januari na Februari shida ni tofauti, huo ni ukame na vumbi la murram. Mvua ya Aprili ikinyesha ndio unapumua vizuri, mpaka unashangaa kumbe milima ya Ngong iko karibu hivyo. Na mnakumbuka 2020 wakati wa korona magari yalipopungua barabarani, watu wakapiga picha za Mlima Kenya kutoka hapa Nairobi halafu mtandaoni watu wakabishana kama ni za ukweli ama zimeunganishwa!

Mimi nakaa Kariobangi kwa hivyo kila kitu ninacho karibu. Upande mmoja kuna wale mafundi wa jua kali wanaoyeyusha skrepa za alumini kutengeneza sufuria, upande mwingine barabara, na upepo ukigeuka tunaletewa moshi wa dampo la Dandora. Saa kumi na mbili unusu asubuhi hapo stage ni balaa, matatu zimepanga foleni injini zikiunguruma, makanga anaita abiria huku ekzosi inakutemea miguuni, na wewe umesimama hapo robo saa ukingoja nauli ishuke. Dizeli yenyewe iliboreshwa tangu 2015, salfa ikapunguzwa mpaka sehemu 50 kwa kila milioni, lakini dizeli safi ndani ya injini iliyochoka bado inatoa moshi mweusi. Na hizi gari zinaenda inspekesheni kila mwaka, ati zinapita. Sisemi kitu.

Lakini kama unataka kujua moshi unaoumiza watu huku kwetu uko wapi, usiangalie barabara peke yake, angalia saa kumi na mbili jioni nje ya kila mlango. Jirani yangu anawasha jiko hivi: anapanga mkaa, katikati anaweka kipande cha slipa kuukuu, anawasha kiberiti, halafu anasimamisha debe lisilo na matako juu ya jiko ili livute hewa. Ule moshi wa kwanza wa mpira ni mzito, unaingia mpaka kwa nguo zilizoanikwa kwa kamba. Juala za plastiki zilipopigwa marufuku 2017 watu wakahamia kwa slipa na chupa za plastiki. Baada ya dakika kumi moshi umeisha, mkaa umeshika vizuri, mwekundu, anasema sasa ni safi anaingiza ndani kupika na pia kuota. Hapo ndipo mimi huwa nagonga mlango. Kaboni monoksaidi haina harufu wala haionekani, na kila msimu wa baridi hii nchi inazika watu waliolala na jiko ndani na dirisha limefungwa na kuzibwa na blanketi. Nikimwambia ananijibu, "Baba Shiru, sasa tulale na baridi hii yote na mtoto mchanga?" Si swali la kijinga hilo.

Kwa sababu gesi nayo imechezewa sana. 2018 mafuta ya taa yakawekewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ili wale wa kuyachanganya na dizeli waache, sawa, lakini mama aliyekuwa anapikia stovu alirudi wapi kama si kwa mkaa? Halafu 2021 gesi ikawekewa VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, 2023 ikaondolewa. Huyu mama akiwa na shilingi hamsini mkononi anaweza kununua kopo la mkaa, hawezi kununua gesi ya hamsini kwa duka la hapa chini. Ndio maana wale wanaohubiri mtandaoni ati watu waache mkaa huwa wananiudhi kidogo.

Na ukienda kliniki ukiwa na kifua? Mimi nilipewa antibayotiki bila hata kuulizwa napikia nini. Msichana wangu ana pumu, inhela yake huwa tunaitumia zaidi Julai, na hakuna daktari aliyewahi kutuambia kuhusu moshi mpaka tuulize wenyewe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha zile chembe ndogo kabisa, zile za PM2.5, kutoka mikrogramu 10 mpaka 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Hizo ni ndogo kuliko unywele karibu mara thelathini, zinapita puani, zinafika ndani ya mapafu na zingine zinaingia kwa damu. Ile maski ya kitambaa haizishiki vizuri, lazima iwe N95 na ikushike uso. Mimi siku hizi madirisha nafungua saa saba mchana, si asubuhi, kwa sababu asubuhi ndio hewa mbaya zaidi. Pia mtoto tumemhamishia njia ya nyuma kwenda shule, ni ndefu lakini haipiti stage.

Sasa takataka. Kwa ploti yetu keateka, yule mwangalizi wa nyumba, alikuwa anachoma nyuma ya choo kila Jumamosi usiku, pampasi, chupa, mabaki, kila kitu, na harufu inaingia kwa kila nyumba. Tulimkalisha chini tukaongea naye, akasema landlodi aliacha kulipa watu wa taka, yeye afanye nini? Tukakubaliana kila nyumba itoe shilingi mia kwa mwezi, vijana wa mkokoteni waje. Wamekuja, kuchoma kumeisha, watu wamefurahi. Nikauliza mmoja wao mnapeleka wapi, akanicheka, "Buda, kwani kuna kwingine? Dandora." Dampo lililotangazwa kujaa tangu 2001, linafuka moshi usiku na mchana, na liko hapo ng'ambo tu. Mia ya mwezi huu sijalipa bado, keateka amenikumbusha leo asubuhi na nitalipa, afadhali moshi utoke ng'ambo kuliko nyuma ya choo.