Usimwahidi mteja usichoahidiwa

Ukianza kuuza programu za watu wengine hapa Kisumu, iwe ni ya duka la dawa, ya shule au ya duka la vifaa vya ujenzi, unakaa katikati ya mikataba miwili: wako na mwenye programu, na wako na mteja. Pesa nyingi hupotelea pale miwili hiyo isipolingana. Kwa hivyo andika wa mteja huku ule wa mwenye programu ukiwa wazi mezani, kipengele kwa kipengele.

Tazama kwanza umeitwa nani. Wakala hutafuta mteja, akalipwa kamisheni, na leseni, yaani ruhusa ya kutumia programu, ikabaki kati ya mteja na mwenye programu. Muuzaji hununua kwa bei moja na kuuza kwa nyingine, na mfumo ukikwama mteja humshika yeye. Mkataba unaokuita "mshirika" mwanzo hadi mwisho usiutie sahihi mpaka uandikwe ni nani anatoa ankara na ni nani anapokea pesa.

Sasa ahadi za huduma, ambako wengi huumia. Tuseme mwenye programu ameahidi mfumo utakuwa hewani asilimia 99.5 ya mwezi. Mwezi wa siku 30 una saa 720, kwa hivyo unaweza kuzima saa 3 na dakika 36 bila yeye kuvunja ahadi. Wewe, ukitaka kumpendeza mwenye supamaketi, ukaandika 99.9. Hapo una dakika 43 tu. Karibu saa tatu zilizobaki ni mzigo wako, na zikiangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika mlangoni, mteja atadai fidia na atakuwa na haki. Andika 99.5 ileile. Tenganisha pia kuitika na kutengeneza: kupokea simu ndani ya saa mbili unaweza kuahidi, lakini hitilafu iliyo ndani ya programu huna uwezo wa kuirekebisha. Stima na intaneti ya mteja mwenyewe zitajwe kuwa nje ya ahadi. Na fidia iwe na kikomo, kwa mfano kisizidi alicholipa mteja kwa miezi 12, mradi kikomo hicho kisizidi kile ulichopewa na mwenye programu.

Bei nayo ina mtego. Leseni 25 za dola 120 kwa mwaka ni dola 3,000. Dola ikiwa shilingi 130, unalipa 390,000. Ukimtoza mteja 450,000 umebakiwa na 60,000. Mapema 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Kwa kiwango hicho ungelipa 480,000, yaani hasara ya 30,000 kwa kazi ileile. Weka kipengele kwamba bei inapangwa upya kila leseni inapohuishwa, au dola ikipanda zaidi ya asilimia 5 kabla mteja hajalipa. Sema pia kama bei ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ndani au la. Ukinyamaza, siku mauzo yako yakifika milioni 5 kwa mwaka na ukalazimika kujisajili, mteja hatakubali kuongeza.

Usipite haraka kipengele kinachosema malipo yamfikie mwenye programu "bila makato yoyote". Malipo kwa kampuni ya nje yakihesabiwa kuwa mrabaha, yaani malipo ya kutumia haki ya mwingine, kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla pesa hazijamfikia, ni asilimia 20. Ili apate dola 1,000 kamili, itakubidi utoe 1,250. Muulize mhasibu kabla ya sahihi, kwa sababu suala la malipo ya muuzaji wa programu kuwa mrabaha au la limewahi kubishaniwa mahakamani.

Kama mteja ni zahanati au shule, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mkataba wa maandishi kati ya mwenye data (hapa ni zahanati au shule yenyewe) na anayeichakata kwa niaba yake. Data ikivuja, mchakataji anatakiwa kumjulisha mwenye data ndani ya saa 48 inapowezekana, naye mwenye data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mkataba wako na mwenye programu ukisema tu "ndani ya muda ufaao", omba saa 24, la sivyo utachelewa kabla hata hujajua.

Akaunti ya programu ifunguliwe kwa barua pepe ya mteja, si yako. Andika jinsi atakavyotoa data yake mkataba ukiisha, na ndani ya siku ngapi. Ukiwa umesajili jina la biashara tu, elewa kwamba deni litakufuata wewe binafsi.

Mwisho, ugomvi. Ukinakili mkataba wa mtandaoni utajikuta umekubali sheria za California kwa deni la duka la Kibuye. Andika sheria za Kenya. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, Kisumu au Nakuru, ambako kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 na unaweza kujisimamia bila wakili, ukiwa na mkataba, ankara na ujumbe wa M-Pesa mkononi.