Kipochi cha miwani, darizi ya Kitoda na vitanzi vilivyonitoa jasho

Kimelala! Kipochi cha miwani kimelala bapa mezani, kona zimetulia, zipu imenyooka, na nimekifua tena kwa makusudi nione kama kitaharibika. Hakijaharibika. Waliokuwa wakifuatilia mradi huu wanajua nilipokwama: kila kipande kilitoka mkononi kizuri, kikishafuliwa na kutiwa bitana kinajikunja pembeni kama sambusa iliyokosa kufungwa.

Kwa aliyeingia leo, maneno machache. Watoda ni wafugaji wa nyati katika milima ya Nilgiri, Tamil Nadu, kusini mwa India, watu 2,000 hivi tu. Mimi nasoma Coimbatore, huku bondeni, na kupanda hadi Ooty, mji wa huko milimani, ni safari ya basi ya asubuhi moja, kona juu ya kona. Darizi yao inaitwa pukhoor: sufu nyekundu na nyeusi juu ya pamba nzito isiyopaushwa. Hachori mtu, hatumii mtu fremu. Ni kuhesabu nyuzi za mtande na mshindio, yaani za urefu na za upana wa kitambaa, basi. Shuka lao la kujitanda, putkuli, huvaliwa na wanaume kwa wanawake, na maiti naye huvikwa hilohilo anapoagwa. Siku hizi darizi hiyo imeshuka kwenye mikoba, vipochi vya simu na vitambaa vya meza, na hapo ndipo nilipoingia. Nilitaka kuona inavyokubali kukaa juu ya kitu kidogo kinachosuguliwa kutwa nzima.

Sasa kwenye kitanzi.

Mshono unapita juu na chini ya nyuzi, mstari kwa mstari, na mwisho wa kila mstari unageuka. Pale kwenye kugeuka hukazi. Unaacha kitanzi kidogo. Kazi inafanywa kutokea upande wa ndani, na unene wote unajitokeza upande wa pili, ndio unaovaliwa nje. Ukipitisha kiganja juu ya putkuli unausikia.

Kitanzi hicho kinapendeza, lakini kazi yake kubwa iko kwingine. Sufu inavutika. Ukiivuta inarefuka, ukiiachia inarudi, na ikirudi inaburuta kitambaa. Mstari mmoja haudhuru. Mistari 60 iliyobanana ndani ya kipande cha sentimita 9 kwa 18, kila mmoja ukivuta hata nusu ya unene wa uzi, inakula upana wa kipochi mbele ya macho yako. Shuka kubwa linaumeza mvuto huo, lina nafasi ya kuutawanya. Kipochi hakina pa kuuficha. Bitana haivutiki, zipu haivutiki, kwa hiyo kitambaa cha juu kikipungua, kona zinainuka na zipu inafanya mawimbi.

"Si uache kitanzi kirefu tu," aliniambia mwenzangu wa chumba. Nimeacha. Kirefu kinanasa. Kinanasa kwenye funguo, kwenye kucha, kwenye pete, na kwenye meno ya zipu, ambayo ndiyo adui mkuu. Kikivutwa kimoja kinanyonya uzi wa mistari ya jirani, na almasi, lile pambo la pembe nne, uliyoihesabu kwa witiri, 1, 3, 5, 7 hadi 21 na kurudi, inabaki na kovu katikati. Hulirudishi. Nimekaa na ncha ya sindano usiku nikisukuma uzi nyuma, mstari baada ya mstari. Kovu linahama tu, haliondoki.

Kwa hiyo kinatakiwa kitanzi cha milimita moja na nusu, labda mbili, na vyote viwe sawa. Kuviweka sawa ndiyo shughuli. Na mkono wangu una tabia yake. Nimelelewa kwenye nyumba ya washona kofia, na kofia ya viua haitaki mchezo: kiua kisipokazwa tundu linafumba, na bibi yangu alikuwa akipita nyuma yetu akisema, "Kaza, mwanangu, kaza, hiyo si neti ya mbu." Kukaza kumeingia vidoleni. Naanza kipande nimelegeza vizuri, nikifika katikati nikisikiliza redio, mkono umesharudi Pemba.

Mzunguko wa dawa ulikuwa mrefu. Kwanza wanga: maji ya wali yaliyochujwa, nikapaka upande wa ndani kitambaa kikakamae. Kilikakamaa kweli. Usiku sisimizi wa hosteli nzima wakaandamana hadi mezani kwangu, na nilipofua, wanga ukaenda zake, makunyanzi yakarudi palepale. Pasi ya mvuke inadanganya; kipande kinanyooka jioni, asubuhi kimejikunja. Bitana ngumu ya gundi inageuza kipochi kuwa kadibodi, na sioni faida ya kudarizi kwa mkono kitu kisha ukikigusa unagusa karatasi.

Halafu ufagio. Fagia za chelewa huku ziko kila kona kama nyumbani, nikavunja kijiti kimoja nikakilaza kwenye ukingo wa motifu, kila mstari unapogeuka unakizunguka, mwishoni nakichomoa. Wazo lilikuwa lenyewe! Ila chelewa ni nene shinani na nyembamba nchani, na vitanzi vikafuata umbo hilo, vinene huku, vidogo kule. Nikahamia spoku ya baiskeli. Spoku ni milimita 2 kutoka mwanzo hadi mwisho, usawa wake hauna mfano, lakini inateleza. Unageuza kazi kidogo tu, nayo imeshuka chini, na vitanzi vyote vya nyuma vimebaki bila mlinzi. Tena ni nzito, inakivuta kitambaa upande.

Jibu lilikuwa kwenye kopo la takataka: vijiti vya udi. Kile kipande cha chini kinachobaki udi ukiisha kuwaka ni mwanzi mtupu, mwembamba, umenyooka, unene mmoja, na una ukwaru wa kutosha kushikilia sufu bila kuing'ang'ania. Kifupi, ndiyo, sentimita nne hivi, lakini ufupi huo unasaidia: naweka viwili, nikifika mwisho wa cha pili nachomoa cha kwanza nakihamishia mbele. Tahadhari moja. Vijiti vingi vya madukani vimepakwa rangi ya waridi kwenye shina, na jasho la vidole likiigusa inahamia kwenye pamba. Chagueni vya rangi ya mti wenyewe.

Tangu hapo mkono unaweza kukaza utakavyo, kijiti hakiruhusu. Nikichomoa, vitanzi vimesimama safu moja, na baada ya kufua mara ya kwanza vinazama kidogo, kama theluthi hivi, kwa sababu sufu inachukua inachokihitaji na kuacha kilichobaki. Hicho kilichobaki ndicho kinachoonekana. Nikipima ukingo wa kipochi kwa rula sasa, ni sentimita 9 juu, 9 katikati, 9 chini.

Nilipopanda Ooty mara ya mwisho nilimkuta mama mmoja wa Kitoda dukani akidarizi, nikaomba ruhusa nikamtazama. Kijiti hana. Anapogeuka, kidole gumba kinapita juu ya uzi, kinabonyeza, na mstari unaofuata umeshaanza. Macho yake yako kwa wateja. Nilimwonyesha kijiti changu cha udi, akacheka mpaka akaweka sindano chini, akamwita mwenzake aje naye aone. Kisha akageuza kipochi changu, akahesabu almasi moja kwa kucha, akatikisa kichwa upande kwa upande, na ishara hiyo huku ni nzuri.

Vifaa, kwa kuwa nimeulizwa. Sindano butu ya namba 22, isiyochana nyuzi za kitambaa. Shazia ni ya magunia, iacheni huko. Fremu nimeigawa: inavuta kitambaa kiwe ngoma, unashona vizuri sana, ukikiachia kinasinyaa na hesabu yote ya kitanzi inapotea. Kalamu za alama zinazofutika kwa maji sizitaki kuzisikia; ukichora almasi juu ya kitambaa cha mkono utafuata mchoro badala ya nyuzi, na nyuzi hazijawahi kukubaliana na mchoro. Mkasi wowote. Taa, tafadhali, msibanie taa.

Kitambaa ni habari ndefu kidogo. Coimbatore ni mji wa viwanda vya pamba, mtu angedhani utachagua kwa raha, lakini pamba ya kiwandani ni nyororo mno, nyuzi hazihesabiki bila kioo cha kukuzia. Ninayotumia ni ya kufumwa kwa mkono, nyuzi kama 10 kwa sentimita, na mtande umebanana zaidi kidogo kuliko mshindio. Kwa hiyo almasi zangu ni ndefu kwenda juu. Nimeamua zibaki hivyo.

Sasa, mpango wa awali ulikuwa vitu vitatu: kipochi, mkoba wa bega, mkanda wa kamera. Mkoba nimeuweka kando, na msiniulize lini. Jana nilikuwa nimekaa darasani nikiutazama utepe wa kitambulisho changu cha chuo, plastiki ya buluu inayochubua shingo, nikaona upana wake ni sentimita 2, yaani unaingia mstari mmoja wa pambo la Kitoda la pembe za nyati, zile zinazopinda kukutana juu. Kuanzia leo hiyo ndiyo kazi. Utepe hauna zipu! Ila unakunjwa shingoni, na upande wa vitanzi utasugua kola ya shati, kwa hiyo vitanzi vitakaa mbele kifuani tu na nyuma ya shingo nitaacha pamba tupu.

Jambo moja kuhusu kuuza, maana ujumbe umekuwa mwingi. Siuzi. Darizi ya Kitoda ina hati ya kiashiria cha kijiografia hapa India tangu 2013, na hati hiyo iliwekwa ili jina hilo libaki kwa wenyewe. Ninachofanya mimi ni zoezi la mwanafunzi kwa kuwafuatisha. Anayetaka ya kununua, anunue yao, na asilalamike bei kabla hajahesabu mistari.

Kilichobaki kunikera ni uzi mwekundu. Bunda la sasa linatoa rangi, na nimeona wingu la waridi kwenye pamba karibu na ukingo wa chini wa kipochi, dogo, lakini nikishaliona siachi kuliona. Siki haikusaidia. Bunda jipya nimelinunua duka jingine na sasa hivi liko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa cheupe pembeni. Kitambaa kikitoka cheupe, naanza utepe. Kikitoka na rangi, pembe za nyati zitakuwa nyeusi zote.